Ramani za leseni za madini zibandikwe ofisi za vijiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme la kwangu kuhusu hizi ganeti za kijani, yaani tsavoraiti, ambazo vijana wetu huku Simanjiro wanaziokota kwenye makorongo kila mvua ikikatika, halafu mwisho wa siku jiwe linakuja kuwa la mtu mwingine kabisa. Tumeshazoea kusoma habari za bilionea mpya wa Mererani na picha ya hundi kubwa, na mimi nafurahi sana mwenzetu akipata, lakini nyuma ya zile picha kuna watu wengi ambao ndo walioliona jiwe la kwanza na hawana hata karatasi moja ya kuonyesha, tena hapohapo kisheria wao ndo wanaoonekana wahalifu.

Ninachoomba nakisema mapema ili msomaji ajue naelekea wapi. Kwanza, ramani inayoonyesha leseni zote za madini zilizomo ndani ya mipaka ya kijiji ichapishwe na ibandikwe pale ofisi ya kijiji, na ikibadilika ibandikwe nyingine. Pili, mwananchi anayegundua jiwe kwenye eneo ambalo halina leseni ya mtu apewe muda wa kuliombea kabla mwingine hajaruka juu yake. Basi, ni hayo.

Kwa wasiolijua hili jiwe niwaeleze kidogo, maana ukisema madini ya Simanjiro watu wengi wanajua tanzanaiti tu. Ganeti iliyozoeleka ni nyekundu, hii ni ya kijani, kuna inayofanana na jani changa na kuna iliyokolea mpaka mtu asiyejua anasema ni zumaridi. Rangi hiyo inaletwa na metali iitwayo vanadiamu iliyomo ndani ya jiwe, na wakati mwingine nyingine iitwayo kromiamu kidogo. Mwaka 1967, mwaka uleule tanzanaiti ilipojulikana, mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta Lemshuko, hukuhuku kwetu, na miaka michache baadaye akaikuta tena ng'ambo ya mpaka upande wa Taita Taveta huko Kenya. Kusini mwa nchi yetu ipo Ruangwa, mkoani Lindi. Yote hiyo ni miamba ya ukanda mmoja mrefu unaotoka Msumbiji ukapita kwetu ukaingia Kenya, miamba iliyopikwa na kukandamizwa huko chini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Sasa kuna kitu kimoja kinaitofautisha na tanzanaiti na ndo kinachofanya hili suala liwe na haraka. Tanzanaiti nyingi inatoka ardhini ina ukahawia, inapelekwa kwenye moto wa nyuzi kama 500 ndo inakuwa bluu ile mnayoiona kwenye matangazo. Tsavoraiti haihitaji moto, inauzwa na rangi yake ileile iliyotoka nayo. Kwa hiyo kijana akiokota kipande kisafi ameshika mali iliyokamilika, hamna hatua ya katikati, na dalali analijua hilo vizuri kuliko kijana mwenyewe. Tena vipande vikubwa visafi ni adimu mno, mawe mengi yakishakatwa hayafiki karati mbili (karati moja ni gramu 0.2), ndo maana hata kipande kidogo kinachoonekana hakina maana kinaweza kubadilisha mwaka wa mtu, na ndo maana mtu anayejua bei hatakuambia.

Namna ya kulitafuta nayo watu wanadhani ni bahati tu, sio bahati tu. Huwezi kuzunguka pori zima ukitegemea kuona kijani. Unaanza kutafuta grafaiti, ule udongo na mwamba mweusi ambao ukiushika vidole vinabaki vyeusi na vinateleza, risasi ya penseli ni grafaiti hiyohiyo. Halafu unaangalia kama jirani yake kuna marumaru, ule mwamba mweupe wenye chembechembe zinazometa. Pale hivi viwili vinapokaribiana ndo tsavoraiti inapenda kukaa, imejifungia ndani ya vinundu vyenye ganda la kijivu au jeupe, vingine vinaenea kiganjani na vingine ni vikubwa zaidi, na ukikitazama kwa nje hakina dalili yoyote ya mali. Ukikipasua ndo unakutana na kijani ndani, mara nyingi imejaa nyufa nyufa na unavunjika moyo, ila katikati ya hiyo taka unaweza kukuta sehemu ndogo imetulia, haina ufa, na hiyo ndo inayolipa.

Mvua ikinyesha korongo linakufanyia kazi ya kupasua. Maji yanashusha vile vinundu, vinagongana, vinapasuka, na kwa vile ganeti ni nzito kuliko mchanga wa kawaida inabaki chini pamoja na vijiwe vingine vizito. Ndo maana wazoefu hawahangaiki katikati ya korongo maji yalikokimbia, wanaenda nyuma ya jiwe kubwa au kwenye kona ya ndani ambapo maji yalipunguza mwendo, wanaondoa mchanga wa juu, wanachekecha wa chini. Na wanatembea asubuhi au jioni wakiwa wamelielekea jua, kwa sababu jua likiwa chini mwanga unapita ndani ya kile kipande kinawaka, saa sita mchana unaweza ukakikanyaga usikione. Ukishakiokota unakilowesha mate, unakipangusa, unakishika mbele ya tochi. Vioo vya chupa vimeshawapotezea watu wengi muda, ila kioo ukikikagua kwa lenzi mara nyingi kina viputo vya mviringo ndani, na tsavoraiti inakichora kioo wakati kioo hakiwezi kuichora yenyewe. Tomalini ya kijani, jiwe jingine la vito, nayo ipo maeneo hayahaya na inachanganya hata madalali, hiyo ukiizungusha polepole mbele ya mwanga unaona kijani inabadilika kulingana na upande, tsavoraiti unaweza kuizungusha utakavyo rangi yake haibadiliki. Mwenye wasiwasi Arusha kuna Kituo cha Jemolojia na Dodoma kuna GST, taasisi ya serikali ya utafiti wa miamba na madini, wapo kwa kazi hiyo.

Nimeeleza yote haya, Mhariri, ili ieleweke kwamba kugundua jiwe ni kazi na ni ujuzi. Hawa vijana sio watu waliojikwaa tu wakaona kitu kinang'aa. Wamezaliwa kwenye haya makorongo, wanayajua kwa majina, wanajua lipi lilishusha nini mvua ya mwaka gani. Serikali yenyewe ilipojiwekea lengo la kufanyia asilimia 50 ya nchi utafiti wa kina kwa ndege ifikapo mwaka 2030, sehemu iliyokuwa imefanyiwa ilikuwa kama asilimia 16 tu, sasa huku kwingine kote kusikofikiwa na ndege nani anatafiti? Ni wachungaji, wakulima, kina mama wanaokwenda kuni. Hao ndo watafiti wa nchi hii na hawamo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Sasa twende kwenye sheria, maana hapa ndo watu wanapotelea. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, Sura ya 123, inasema madini yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Ardhi nayo vilevile, kwa sheria za ardhi za mwaka 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini huohuo, ikagawanywa kuna ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Mtu akisikia hivyo anajisemea si ni ya umma, na mimi ni umma, acha niokote. Hapana. Ya umma maana yake huwezi kujichukulia bila kibali cha msimamizi wa umma, na hata shamba liwe lako, una haki yako ya kimila na mababu zako wamezikwa pale, jiwe lililo chini yake sio lako mpaka uwe na leseni. Na wengine wanadhani uchimbaji ni mpaka ushike sululu na moko wa kupasulia mwamba, kwamba kuokota juu ya ardhi sio uchimbaji. Sheria haikuangalia umetumia sululu au vidole, ukiyatafuta na kuyatwaa madini bila leseni umeshaivunja.

Leseni yenyewe kwa mtu wa hali yangu ni leseni ya uchimbaji mdogo, ile PML. Ni kwa Watanzania tu, inadumu miaka 7 na inahuishwa, eneo lake halizidi hekta 10 kwa madini kama haya, na inakuruhusu kutafuta na kuchimba kwa pamoja. Kusema kweli ni leseni nzuri, sijawahi kuona sababu ya kuilaumu, na nadhani waliotunga hiyo sehemu walimfikiria mtu mdogo. Unaomba Tume ya Madini kwa njia ya mtandao, unapewa kontrol namba, unalipa, na anayetangulia kuomba ndo anayetangulia kuangaliwa. Hapo kwenye kutangulia ndo pana shida yote ninayoizungumzia leo.

Niwape mfano wa kilichotokea huku bila kutaja mtu. Vijana fulani, mmoja wao ni mtoto wa dada yangu, wakiwa wanachunga waliona vipande vya kijani kwenye korongo ambalo halikuwa na mchimbaji wala dalili ya mgodi. Wakawa wanaokota kidogo kidogo wanauza kwa dalali, na dalali kila akinunua anauliza kwa upole mmetoa wapi, kule kwa nani, upande upi wa mlima. Vijana wakaona ni maongezi tu. Haukupita muda ikaja gari, watu wameshuka na jipiesi, kile kifaa cha kusoma namba za mahali, wamezunguka, wamepiga picha, wameondoka. Wiki chache baadaye bikoni za zege, zile nguzo za kuonyesha mipaka, zikawa zimesimama pale na kijana mmoja kawekwa kulinda, kina mpwa wangu wakaambiwa eneo lina mwenyewe, mkitaka kazi karibuni mtachimba kwa chakula na mgao mawe yakitoka. Yaani waliogundua wakawa vibarua kwenye ugunduzi wao.

Sisemi yule bwana aliiba. Kwa sheria ilivyo aliwahi, alilipa, kapewa leseni halali na mimi siwezi kumuita mwizi, hata pale kijijini nimewaambia vijana wasimsumbue. Ninachosema ni kwamba utaratibu unampa zawadi mwenye simu nzuri na mtandao, mwenye macho ya kuliona jiwe hapati kitu, na ukiendelea hivi utafundisha watu wafiche wanachokiona na wauze gizani, ambapo serikali haipati hata senti.

Na hili sio jambo geni nchini kwetu. Mzee Jumanne Ngoma ndiye serikali inayemtambua kama mgunduzi wa tanzanaiti, mwaka 1967, lakini vitalu aliwahi kuandikisha Manuel d'Souza, fundi cherehani wa Arusha, na kwa miaka mingi huyo ndiye aliyekuwa anatajwa kwenye maandishi ya dunia. Mzee Ngoma alikuja kutambuliwa hadharani na Rais Magufuli mwaka 2018 siku ya kuzindua ukuta unaozunguka migodi ya tanzanaiti ya Mererani akaahidiwa Sh milioni 100, akiwa mzee na mgonjwa, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka 51 ilikuwa imepita tangu alione jiwe ambalo linatangaza jina la nchi dunia nzima. Upande wa pili tuna Saniniu Laizer, mwenzetu wa hukuhuku Simanjiro, mwaka 2020 aliiuzia serikali mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kwa zaidi ya Sh bilioni 7.7, na alisimama mbele ya kamera bila hofu kwa sababu alikuwa mchimbaji mdogo mwenye leseni. Wote wawili walikuwa na macho ya kuliona jiwe. Huyu wa pili alikuwa na karatasi.

Kuna watakaosema ramani ipo, Tume inayo mtandaoni, kila mtu anaweza kuingia akaona leseni ziko wapi. Ni kweli ipo na ni kitu kizuri, ila naomba mwenye kusema hivyo aje nimpeleke kwenye lile korongo na simu ya batani aniambie anaifunguaje. Hata kwa mwenye simu ya maana mtandao unakamatia mlimani, ramani inachelewa kufunguka, na ikifunguka unaona vibox vya rangi bila jina la korongo, bila boma la mtu, bila ule mbuyu ambao kila mtu anaujua. Na kuna jambo jingine la kiufundi ambalo limeshaleta ugomvi wa bure. Ramani nyingi za nchi hii tokea zamani zimechorwa kwa mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960 wakati simu zetu zinasoma mfumo mwingine uitwao WGS84, ukichukua namba za mfumo mmoja ukazisoma kwenye mwingine unahama kama mita 300 hivi. Sasa chukua eneo la hekta 10 la mraba, upande wake mmoja ni kama mita 316. Yaani mtu anaweza akasimama katikati ya kitalu cha mwenzake akaamini kabisa yuko kwenye eneo lake au yuko eneo huru, na anachimba kwa nia njema. Nimewahi kuwaona watu wazima wawili wanakaribia kushikana mashati na kila mmoja ana simu mkononi inayomuonyesha yeye ndo yuko sawa.

Ramani ya karatasi iliyochapishwa na ofisi ya Afisa Madini, yenye makorongo, njia, malambo ya mifugo na majina yanayotumika na wenyeji, ikabandikwa pale tunapobandika matangazo ya mikutano, ingemaliza sehemu kubwa ya haya. Mtendaji wa kijiji naye angejua, maana sasa hivi mara nyingi anashtukia bikoni kama sisi. Wazee wa mila wangejua malisho gani yana leseni ya mtu. Na mwenye leseni naye ingemlinda, hamna tena mtu wa kumwambia hatukujua.

Kuhusu muda wa mgunduzi, ninavyowaza mimi ni hivi. Mtu akipata jiwe eneo lisilo na leseni aende kwa Afisa Madini na lile jiwe, kitambulisho chake cha NIDA na barua ya kijiji, waandike mahali palipopatikana, apewe risiti, na eneo dogo kuzunguka pale lisiguswe kwa siku 30 ili atafute hela au ajiunge na wenzake waombe leseni kama kikundi. Siku 30 zikiisha hajaomba, eneo linarudi kuwa wazi kwa kila mtu. Najua wajanja watajaribu kutumia hiyo nafasi kushikilia mapori wasiyoyajua kwa kubeba mawe ya kununua, ndo maana nasema mtu mmoja risiti moja kwa wakati, eneo liwe dogo lisizidi leseni moja, na Afisa aende kuona kwa macho yake. Wengine watasema ukitoa taarifa ofisini ndo umeitangaza siri yako. Hofu hiyo naielewa sana kwa sababu imezaliwa na mambo yaliyotokea, na dawa yake ni risiti yenye tarehe na saa, ili ikitokea mwingine kaomba eneo lilelile baada ya saa hiyo ijulikane nani alitangulia.

Wakati tukisubiri hayo, naomba kupitia gazeti lako niwaambie vijana waliopo makorongoni leo wasikae tu wanalalamika. Tafuteni wenzenu mnaoaminiana mfanye kikundi, mpate TIN, yaani namba ya mlipa kodi, mwende ofisi ya madini mkiwa na namba za eneo lenu na muulize waziwazi zimesomwa kwa mfumo gani, msione aibu, hilo swali ni la maana kuliko yote mtakayouliza siku hiyo. Kama eneo lina leseni ya mtu, nenda kwa mwenyewe uongee naye mwandikiane, wapo wenye leseni waungwana wanaokubali watu kuchekecha kifusi au kuokota kwenye korongo kwa mgao, na kina mama wengi ndo wanavyoishi, ila iwe kwa maandishi na mjumbe awepo. Kama liko wazi ombeni. Leseni ikitoka mjue sio hati ya shamba, mwenye shamba au malisho ana haki ya kuridhiwa na kulipwa fidia kwa mnachoharibu, na shimo mkilimaliza lifukieni jamani, huku ni nchi ya mifugo na ng'ombe akivunjika mguu kwenye shimo lako umeshaua undugu na boma zima. Kuta za korongo msizichimbe kwa chini mkaingia kama panya, udongo ule ukilowa unashuka bila kupiga kelele. Na Tarangire tumepakana nayo, mpaka wa hifadhi hauvukwi kwa sababu umeona grafaiti upande wa pili, hata iwe nzuri namna gani.

Mkipata mali uzieni sokoni. Tangu mwaka 2019 serikali ilipoanzisha masoko ya madini mchimbaji mwenye leseni anakuta jiwe lake linathaminiwa mbele yake, kuna mizani, kuna mthamini, kuna wanunuzi zaidi ya mmoja, anakatwa mrabaha, yaani sehemu ya serikali kwenye bei ya jiwe, asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, anaondoka na karatasi. Asilimia 7 inauma ukiiona inakatwa, lakini linganisha na dalali wa kichakani anayekukadiria jiwe kwa macho huku anakuambia lina ufa, lina wingu, rangi haijakaa, mpaka unaona aibu ya kumletea, na kesho yake analiuza bei ambayo hutakaa uijue.

Tume ya Madini sio kwamba haina uwezo wa hili ninaloomba. Ramani wanayo tayari, ofisi mikoani wanazo, ni kuchapisha na kusafirisha. Waanze hata na vijiji vichache vya Simanjiro na vya Ruangwa waone, na kama tatizo ni gharama ya kuchapisha, kwenye mkutano wa kijiji tumeshaliongea na watu wako tayari kuchanga.

Wako msomaji,
Mchimbaji mdogo,
Simanjiro, Manyara